Njia tunazo, vibao ndivyo hatuna: baskeli Uholanzi na Unguja

Wazanzibari wengi tunaoishi Uholanzi tukirudi likizo husema maneno yale yale: Uholanzi baskeli raha, nyumbani haiwezekani. Sababu zinazotajwa ni joto, madereva, na serikali kukosa fedha. Mimi sikubaliani. Ukiitazama kwa makini ile safari ya baskeli ya siku ya mapumziko Uholanzi, ya kupita mashambani kwenye ardhi tambarare na kusimama penye majengo ya kale, utaona kinachoifanya iwe nzuri si lami nyekundu ya njia zao za baskeli wala utajiri. Ni njia ndogo zilizounganishwa. Njia ndogo Unguja zipo, ardhi tambarare ipo, na magofu yapo ya kutosha. Kinachokosekana ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Chukua Beemster, kaskazini ya Amsterdam. Zamani palikuwa ziwa. Wakalikausha kwa vinu vya upepo na kazi ikamalizika 1612. Leo ni mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 3, yamegawanywa kwa barabara na mifereji iliyonyooka, na tangu 1999 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukitoka Beemster unaingia Schermer, iliyokaushwa 1635 kwa vinu 52, na 11 kati yao bado vimesimama. Humo humo mashambani zimo ngome za ulinzi wa Amsterdam zilizojengwa kati ya 1880 na 1920, nyengine zimeota majani juu mpaka unazipita hujui. Unaweza kwenda kilomita 50 usikutane na kilima, isipokuwa madaraja na kingo za mifereji.

Sasa angalia mtu anavyopita humo. Kila njia za baskeli zinapokutana pana nguzo yenye namba, na mara nyingi ubao wa ramani. Kabla ya kutoka unachagua mzunguko wako, unaandika namba kwa mfuatano kwenye karatasi, tuseme 20, 47, 51, 8, kisha unaibandika kwa selotepu kwenye bomba la juu la fremu. Ukifika 20 unatafuta mshale wa 47, basi. Simu inabaki mfukoni na Kiholanzi huhitaji. Utaratibu huu ulianzia Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995, ndipo ukaingia Uholanzi. Na jambo la kulishika hapa ni kwamba kwa sehemu kubwa hawakujenga njia mpya. Walichukua njia za mashamba, matuta ya mifereji na vichochoro vya vijiji vilivyokuwepo, wakaviunga kwa namba.

Utaratibu huo una kasoro zake, mgeni asidanganywe na picha. Wakati wa kiangazi majani hufunika mishale. Ukipita njia panda mbili bila kuiona namba yako, rudi kwenye nguzo ya mwisho, usijaribu kubahatisha, maana barabara zilizonyooka zote zinafanana. Ardhi tambarare maana yake hakuna kinachozuia upepo, na upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Wenye akili hupanda treni kwanza kuelekea upande upepo unakotoka, halafu hurudi nao mgongoni. Ila baskeli hairuhusiwi ndani ya treni siku za kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Vuli ya huko ni wakati wa kuvuna viazi vya kutengenezea sukari kiwandani, matrekta yanamwaga tope juu ya barabara za matofali, na hapo breki ya mbele kwenye kona ni kuanguka. Wakikata nyua za miiba, vipande hubaki njiani na kutoboa tairi. Kwenye makutano, tazama pembetatu nyeupe zilizochorwa chini: ncha zikikuelekea, wewe ndiye unayesubiri. Pasipo na alama yoyote, anayetoka kulia ndiye anayepita kwanza, na tangu 2001 hata baskeli inayotoka kulia ina haki hiyo mbele ya gari. Wageni wengi hawalijui hili, wanasimama, na wanaowafuata nyuma wanawagonga.

Na kuna kasoro nyengine ambayo picha hazionyeshi. Jumapili katika vijiji vile duka limefungwa, fundi amefungwa, na unaweza kwenda saa nzima bila kumpata mtu wa kumuuliza. Pancha ni yako, pampu ni yako, maji ni yako. Ukivunjika spoku tatu, unatembea.

Wanaosema Waholanzi wamezaliwa na njia zao wangesoma kidogo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Magari yalikuwa yameshaichukua miji yao na baskeli ilikuwa inapungua. Wazazi wakaingia barabarani kudai watoto wao wasiendelee kuuawa, na kutoka hapo njia zikaanza kutengwa, kidogo kidogo, mji baada ya mji. Walikuwa pale pale tulipo sisi sasa.

Turudi Unguja. Magharibi ya kisiwa ina udongo mzito, miti na miinuko; mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe, tambarare kabisa. Ukiijua hiyo, unajua baskeli ielekee wapi.

Njia ninayoiona bora kuliko zote ni ya Mjini kwenda Chwaka kupitia Mwera na Dunga, kiasi cha kilomita 32. Sehemu ya kwanza mpaka Mwera ina magari mengi, kwa hiyo ni ya kutoka mapema, alfajiri ikishapambazuka. Dunga, kama nusu ya njia, kuna magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed el-Alawi, lililojengwa kati ya 1846 na 1856. Watalii wengi hukimbilia majumba ya masultani na kulipita hili, ilhali hili ndilo la watawala wenyeji wa kisiwa, waliokuwepo kabla ya Waomani. Shuka, funga baskeli, zunguka kuta taratibu. Baada ya Dunga ardhi inalala, magari yanapungua, na kuanzia hapo mpaka Chwaka mtu wa kawaida anakwenda kilomita 18 hadi 20 kwa saa bila kutweta. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na wa kusi mara nyingi kusini-mashariki, kwa hiyo katika misimu yote miwili unakwenda Chwaka ukiukabili na unarudi ukikusukuma. Hilo Beemster haina. Ukichoka Chwaka, daladala hupakia baskeli kwenye keria ya juu. Patana nauli yake kabla haijapandishwa, na ilaze upande wa gia ukitazama juu, usibanwe na magunia.

Ya kusini ni ndefu, kama kilomita 55 mpaka Kizimkazi, na inafaa kuifanya ya siku mbili. Unapita Tunguu, halafu Bungi, ambako kuna magofu ya nyumba ya Bi Khole, binti wa Sultani Sayyid Said, na ile miembe mikubwa inayohusishwa na jina lake. Kisha msitu wa Jozani wenye kima punju. Hapo barabara ina kivuli, lakini punguza mwendo, kima huvuka ghafla na kwa makundi. Kizimkazi Dimbani ndiko uliko msikiti ambao maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya kibla chake yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo lenyewe kwa nje ni la bati na kuta za chokaa, ukilitazama kwa haraka utadhani la juzi. Kibla kiko ndani: maandishi yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi nyembamba zenye ncha zinazopandana, na bado zinasomeka baada ya miaka zaidi ya 900 ya hewa ya chumvi. Pana wenyewe na ni pahala pa ibada, kwa hiyo kaptura ya baskeli haifai. Beba kikoi au suruali nyepesi, salimia, omba ruhusa, acha viatu nje. Njia hii ifanye wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, upepo ukusukume kurudi. Kaskazi ukirudi nao usoni saa sita mchana utajuta.

Kaskazini kuna utajiri wa historia na ufukara wa nafasi. Maruhubi, kilomita 4 tu kutoka Mjini, jumba la Sultani Sayyid Barghash lililoungua 1899, nguzo zake bado zimesimama. Mbele yake Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti mwengine wa Sayyid Said, aliyekuja kuishi Ujerumani. Ukipanda kutoka Bububu unafika hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, kuta zake zina mapambo ya chokaa ya maua na tausi. Mbele zaidi Mangapwani, chumba kilichochimbwa kwenye jiwe kufichia watumwa baada ya soko kufungwa 1873. Vyote hivyo kwa kilomita zisizozidi 30. Lakini barabara mpaka Bububu ni ya daladala za 502, malori na bodaboda, na mwenye baskeli hana hata nusu mita yake. Kwenye njia hiyo hiyo garimoshi lilikuwa likienda mpaka Bububu tangu 1905. Nafasi iliwahi kupatikana.

Pemba simtumi mtu kwa ajili ya ardhi tambarare. Kuna utulivu kuliko Unguja, na Pujini, penye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale, panastahili safari, ila ni vilima tangu Mkoani mpaka Wete. Bila gia nyepesi nyuma utaisukuma baskeli.

Hatari kubwa ya barabara zetu si mwendo wa magari peke yake, ni ukingo wa lami. Lami inaishia kwa kidaraja cha sentimita 5 hadi 10, halafu mchanga. Gari ikipiga honi nyuma, mtu huteremka kwa woga, kisha hujaribu kupanda tena akiwa sambamba na ukingo. Tairi ya mbele husugua ukingo, haipandi, usukani unapinda na mtu anaangukia upande wa barabara, mbele ya gari. Ukishateremka, simama, inua gurudumu la mbele, urudi. Au ukipanda ukiwa unakwenda, ukate ukingo kwa pembe kubwa, mwili umenyanyuka kitini. Bora zaidi usikae ukingoni kabisa: shika nusu mita au zaidi ndani ya lami, ili dereva aone lazima akupishe na wewe ubaki na pa kukimbilia. Nyuma ya daladala usipite kushoto hata siku moja. Utingo akigonga bodi, gari inakwenda kushoto hapo hapo na mlango unafunguka. Na wenzangu mnaotoka Ulaya, siku za mwanzo kichwa kinatazama upande usio wake; huku kwetu gari hupita kushoto, anayekugonga anatokea kulia kwako.

Tairi nazo watu wanakosea. Za milimita 25 zinazofaa lami ya Uholanzi, Unguja ni kutafuta pancha: jiwe la matumbawe lina makali, tairi inabanwa baina ya jiwe na rimu, na tyubu inatoka na matobo mawili yaliyo sambamba. Chukua za milimita 32 hadi 40. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi za milimita 35 anatosheka na upepo wa paundi 45 hadi 55. Ukijaza mpaka mwisho unaruka juu ya kila jiwe na mikono inakufa ganzi.

Soma pia namba ubavuni mwa tairi, kama 35-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baskeli za kisasa za safari ni 622. Zile nzito za zamani, za breki za fimbo, ni 635. Zote watu huziita za 28, lakini milimita 13 zinazotofautiana ndizo zitakazokukwamisha: tairi ya 622 haiingii kwenye rimu ya 635, na ya 635 itavaa kirahisi kwenye rimu ya 622, kisha itachomoka ukiijaza. Za kikapu za inchi 26 zitokazo Japani nyingi ni 590, hizo ni jamii nyengine kabisa. Ukija na baskeli ya 622, njoo na tyubu mbili na tairi moja ya kukunja. Vali nyembamba za kizungu hukubali pampu ya fundi wa baskeli za zamani, ila mashine ya upepo ya kituo cha mafuta haikubali mpaka uvishe kichwa kidogo cha shaba. Kina uzito wa gramu chache, kifunge pamoja na funguo.

Hapa ndipo nyumbani panapoishinda Uholanzi waziwazi. Karibu kila kijiji kina fundi chini ya mti, mwenye karai la maji, msasa na gundi, na hafungi Jumapili. Hatupi tyubu, anaiziba. Kazi yake ukiiangalia ina mpango: anajaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande mpaka viputo vionekane, anaweka alama, anaikausha, anaisugua msasa mpaka ule mng'aro utoke, anapaka gundi na kuiacha. Kuiacha huko ndiko wenye haraka wanakoharibu. Gundi inatakiwa ikauke mpaka kidole kisinate, dakika 5 au zaidi hewa ikiwa na unyevu, ndipo kiraka kibandikwe na kugandamizwa. Kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hushika asubuhi na kuachia saa sita, lami ikipata moto. Jasho la vidole nalo linakiua. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitakwama penye mwiba au kijiwaya.

Joto ni kweli lipo, na dawa yake ni saa. Toka saa kumi na mbili, maliza saa nne. Beba lita moja na nusu, unywe nusu lita kwa saa mwanzoni na zaidi jua likipanda, na dafu moja njiani lina faida kuliko soda mbili. Ramadhani usinywe mbele za watu. Ama panda baada ya futari kwenye njia fupi yenye taa, ama iache mpaka Mfunguo Mosi. Machi mpaka Mei ni masika, mashimo yanajaa maji na huyajui kina. Ukipita karibu na bahari, osha baskeli kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kausha mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta tone moja kwa kila kiungo na futa yanayobaki. Mafuta mengi hukamata mchanga na kula meno ya gia. Na kanzu au baibui havikatazi kupanda: baskeli za Kiholanzi zina kasha linalofunika mnyororo mzima na kitambaa juu ya gurudumu la nyuma, nguo haiingii. Wanaoingiza baskeli za mtumba wangezileta hizo kwa wingi.

Sasa ninachopendekeza. Tusisubiri njia nyekundu. Tuanze na nguzo zenye namba kwenye barabara za ndani, zile za udongo zinazopita nyuma ya vijiji, na kipande cha kwanza kiwe baina ya Dunga na Chwaka, ambako ardhi ni rahisi na magari machache. Masheha wanazijua njia hizo kuliko ramani yoyote. Wao ndio wakae kwanza na kusema ipi hupitika mwaka mzima na ipi hukatika masika. Nguzo iwe ya zege. Mbao zitaliwa na mchwa, bati litaliwa na chumvi au litakwenda kwenye chuma chakavu. Namba ipakwe moja kwa moja kwenye zege, kubwa, kimo cha macho ya mtu aliye juu ya baskeli, na mshale uwe mita 10 kabla ya kona, kwa sababu ukiwa kwenye kona yenyewe mtu ameshapita. Penye magofu pawekwe bomba la kufungia baskeli, mahali mlinzi anapoliona akiwa amekaa. Na kila barabara kubwa inapopanuliwa, mita moja ya lami pembeni, iliyolingana na barabara bila kidaraja, iwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, maana kuiongeza baadaye haijawahi kuwa rahisi popote.

Huko Uholanzi nguzo hukaguliwa na watu wa kujitolea, kila mmoja na kipande chake. Kwetu ingewafaa vijana wa skuli za njiani: kilomita 5 kwa kila skuli, mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, kwa panga la kufyekea, brashi na kopo moja la rangi nyeupe.